Bi Mwatum na Taa ya Kufuturia

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi Mwatum Jecha anakabidhi funguo za karakana ya elektroniki ya chuo chetu baada ya kuitumikia kwa miaka thelathini na mbili. Wenzake tumepewa ukurasa mmoja wa kumuaga. Ukurasa mmoja! Haya, tutajibana.

Alipoajiriwa, meza za karakana zilijaa redio zilizofunguliwa na televisheni nzito za kubebwa na watu wawili. Alikuwa mkali, na mpaka leo ni mkali. Ukilehemu waya ovyo atakwambia ufumue uanze upya, na kikombe chake cha chai ya tangawizi hakiguswi. Mwalimu Himid alikinywea mara moja, akasemwa muhula mzima.

Vilipokuja vibao vya kompyuta, hivi vidogo vya kuenea kiganjani, wengi wetu tulivikwepa. Yeye alikuwa keshapita miaka hamsini, akakaa navyo kama mwari na hina. Siku moja akatuita, akafunga madirisha, akawasha kitaa kidogo kuliko punje ya hindi. Kikawa chekundu, kikawa zambarau, kikawa rangi ya embe bivu, kisha kikawa cheupe. Akatuambia ndani yake mna taa tatu tu: nyekundu, kijani na buluu. Na kibao hakizipunguzi mwanga hata chembe, bali kinaziwasha na kuzizima kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Ikiwaka muda mrefu kuliko inavyozimika tunaiona kali, na ikizimika zaidi tunaiona hafifu. Tukabisha. Basi akashika waya, akakipunga kitaa hewani, na ule mstari wa mwanga ukakatika vipande vipande mbele ya macho yetu. Subhanallah! Nimefundisha umeme miaka mingi, na siku ile mwili ulinisisimka.

Lakini kinachomfanya Bi Mwatum awe Bi Mwatum ni taa ya Bi Kidawa.

Bi Kidawa ni mshoni wa Mtoni, jirani wa chuo. Maradhi yalimpokonya usikivu ukubwani, na anaishi peke yake. Kila Ramadhani adhana ya magharibi ikilia yeye haisikii, hukaa na tende yake akingoja mtu akumbuke kumgongea dirisha na kumuashiria. Watu na njaa zao husahau. Mara nyingi alifuturu wa mwisho mtaa mzima, na jambo hilo lilimuuma Bi Mwatum.

Akamtengenezea taa yenye kibao, betri na saa ndani yake, iliyojazwa nyakati za magharibi za Unguja. Mchana ibaki imezimika. Jua likikaribia kuchwa ianze wekundu hafifu, ipande polepole, na magharibi ikiingia iwe nyeupe kabisa. Siku ya mwezi mosi Ramadhani, baada ya adhuhuri, akaenda kuifunga dirishani kwa Bi Kidawa. Mguu wa kitaa ukamkatikia mkononi, akatia kingine kipya kutoka mkobani. Akakijaribu kwa mwanga wa nusu asimuumize bibi macho, kikawaka vizuri, akakiacha kimalize jaribio akakimbilia darasani.

Kumbe vitaa vile vipya vilikuwa kinyume na vya zamani: ukikiambia zima, kinawaka chote, na ukikiambia waka chote, kinazimika. Kwa nusu huwezi kugundua, maana nusu ya kuwaka na nusu ya kuzimika ni mamoja. Waya aliugeuza ili kiwake, programu ya kibao akaisahau, yeye aliyekuwa akitupigia kelele kila siku tuangalie miguu ya taa!

Jaribio lilipokwisha, kibao kikakiambia kizime kama ilivyo mchana, nacho kikawaka chote. Mvua ya masika ikafunga, nyumba ikawa kiza. Bi Kidawa alikuwa kajinyoosha kidogo. Akaamka akaona taa nyeupe pee, akajua kalala mpaka jua limekuchwa. Akapiga bismillahi, akala tende, akanywa maji. Ndipo akaingia jirani kuazima mbuzi ya kukunia nazi, akapiga ukelele. Ilikuwa alasiri.

Kesho yake Bi Kidawa aliileta taa karakanani, imefungwa kanga. “Mwatum mwanangu, taa yako imenifuturisha mchana,” alisema mbele yetu sote. “Mie bora ningoje watu.” Bi Mwatum aliipokea. Nilimuona akilia, na sijamuona akilia tena tangu siku ile.

Aliigeuza programu, akaijaribu kuanzia giza mpaka weupe, siku baada ya siku. Shawwal ilipoingia na Idi ikapita, Bi Kidawa akafunga kuilipa siku yake, na Bi Mwatum akafunga pamoja naye, akenda kukaa naye chumbani mbele ya taa ile. Wekundu ukapanda, ukawa dhahabu, ukawa weupe. Bi Kidawa hakunyanyua tende mpaka alipomuona mwenzake ametia yake mdomoni. Taa ikabaki pale pale dirishani.

Ramadhani iliyopita umeme ulikatika Mtoni nzima kabla ya magharibi, mawingu mazito, kipaza sauti cha msikiti kimya. Sisi tunaoishi huko tumekaa na futari mbele yetu, hakuna mwenye uhakika. Mara mlango ukagongwa, kisha wa jirani, kisha wa pili yake. Alikuwa Bi Kidawa, anapita nyumba hadi nyumba na tende mkononi. “Futuruni! Yangu ishawaka!”

Bi Mwatum, ahsante kwa yote, hata kwa kutufumulisha. Mola akupe afya, umri na mapumziko ya raha. Kikombe chako tumekiacha mahali pake, na hatumruhusu Himid kukisogelea.

Ulfat Riyami, kwa niaba ya wafanyakazi wa karakana