Waya Sita za Mama Nasambu

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu. Leo tunamkumbuka Mama Pauline Nasambu wa Tongaren. Mkulima wa mahindi, sauti ya kwanza kwenye kwaya, na mama yake Lorna. Habari zake tunazipata kwa Makokha, mume wa Lorna. Ametuomba tusimfichie aibu yake, nasi hatutaificha.

Mama Nasambu alikuwa na mdomo, jameni! Kina mama wa kanisa walipoogopa kupimwa saratani, yeye ndiye aliyetangulia kupanda kitandani. "Daktari ameona wengi," aliwaambia. "Wewe unajiona nani?" Walicheka, wakapanga foleni nyuma yake.

Makokha ni tabibu kwenye kliniki moja pale Kitale. Yeye ndiye anayepima na kusoma ECG, ule mchoro wa umeme wa moyo. Ndiyo, moyo una umeme wake. Unaanzia juu, unashuka, na moyo unajikaza kusukuma damu. Mashine haiingizi umeme mwilini mwako. Inausikiliza ulio wako na kuuchora kwenye karatasi. Waya nne hufungwa mikononi na miguuni. Sita hubandikwa kifuani, juu ya ngozi, na ndizo zinazotazama vizuri ukuta wa mbele wa moyo. Narudia: waya sita, kifuani, juu ya ngozi.

Asubuhi moja Mama Nasambu alikuja Kitale kutafuta mbegu. Kifua kikambana akiwa dukani. Akajikokota hadi kliniki, jasho linamtiririka. Makokha alipoinua macho akamwona ni nani, alitamani ardhi immeze. Kwao Bungoma mkwe hampi mama mkwe hata mkono. Sasa kifua chake atakitazamaje?

Mama alikuwa keshaanza kufungua vifungo. Makokha akageukia ukuta.

"Mama, acha tu. Nitafunga mikono na miguu."

"Ati nini? Wewe Makokha, ukimaliza kuona haya uniambie. Mimi nimelala hapa."

Alicheka, huku amejishika kifua.

Nesi Chepkorir alikuwa chumba cha pili, anasafisha kidonda cha mtu. Si Makokha angemwita tu? Hakumwita. Aliona haya hata kueleza kwa nini anamwita. Akafunga waya nne, mchoro ukatoka safi. Aliusoma, akaurudia. Alijua fika kwamba upande wa mbele hajautazama. Akampa dawa ya vidonda vya tumbo, akamsindikiza hadi kwenye gari la Tongaren.

Kesho yake Mama Nasambu alianguka jikoni. Alikimbizwa hospitali huko Bungoma, na Makokha akafuata. Huko waya zote zilibandikwa. Ukuta wa mbele wa moyo ulikuwa umekosa damu muda mrefu. Daktari akauomba mchoro wa Kitale, akautazama.

"Za kifuani ziko wapi?"

Mama Nasambu alifariki jioni hiyo.

Siku ya mazishi, Makokha aliketi mbali na jeneza, kama mila inavyotaka. Mzee Eliakim, kaka wa marehemu, akasimama. Dada yake alikuwa amemsimulia kisa cha kliniki huku akicheka, ile jioni aliyorudi kutoka Kitale.

"Huyu mkwe ana adabu, bana!" mzee akasema. "Hata kazini alikataa kumvua dada yangu nguo. Vijana, mjifunze!"

Waombolezaji wakapiga makofi. Wasikilizaji wapendwa, walimpigia Makokha makofi.

Aliinuka. "Naomba mnyamaze," akasema. "Ugonjwa ulikuwa kifuani. Mimi nilikataa kutazama. Ningetazama, pengine tungekuwa naye leo."

Mzee Eliakim akaketi taratibu na kuvua kofia.

Lorna alituambia hivi: "Nilimpenda Makokha kwa sababu ni mtu wa haya. Sasa nikimwangalia, sijui nimlaumu au nimfute machozi. Siku zingine nafanya yote mawili."

Tunatoa pole kwa Lorna, kwa Makokha, kwa Mzee Eliakim, na kwa wanakwaya wote wa Tongaren. Mungu awatie nguvu, na ampumzishe mama yetu.

Nawe msikilizaji, kabla hujainuka hapo ulipo, jiulize kwa ukweli: ni nani nyumbani kwako unayemheshimu mpaka huwezi kumwokoa?