Jina la Hapa Tulipojenga

Sogeeni, wanangu, na wewe Mwalimu acha kunipangia mito, nimechoka kupangiwa mito. Fungua dirisha kwanza, halafu kaa nikuone, maana wewe ndiye utakayeandika. Kaka yako naye aweke simu chini. Najua mafundi wake wanamngoja kwenye msingi, wangoje. Leo Jumanne, sivyo? Ofisi ya ramani inapokea mapingamizi ya majina na mipaka mpaka keshokutwa saa nane mchana, baada ya hapo jalada linafungwa na mambo yanabaki yalivyo miaka mingine arobaini, nami sina hata wiki. Kwa hiyo sikilizeni na msinikatize: kiwanja hiki, na nyumba hii mliyokulia, na msingi ule unaochimbwa hapo nyuma, si mali yangu ya kuwarithisha. Ni mali ya ukoo wa mfinyanzi, na mimi ndiye niliyeliondoa jina lake kwenye ramani, kwa mkono wangu huu.

Usinishike paji la uso, Kitindamimba. Si homa inayosema.

Mnajua kazi yangu ilikuwa kukusanya majina ya mahali. Ofisi ilitaka kila kipande cha shamba kiwe na jina moja na mpaka wake, na utaratibu wetu ulikuwa rahisi: unauliza wazee watatu, kila mmoja nyumbani kwake, mwenzake asisikie, na mpaka unafuata kitu ambacho mvua haikihamishi, kijito au mwamba au barabara ya zamani, si ua wa mtu wala mti wake. Nyumba zikianza kubanana, ndipo panatangazwa kuwa mtaa na kuingizwa mjini. Nilifuata utaratibu huo miaka kumi na mmoja, isipokuwa siku ya hapa. Kiatu kilikuwa kimeachia soli, jua kali, gari la ofisi linaondoka saa tisa, nikajikalia zangu kivulini pale kwenye mashine ya kusaga, nikawauliza watu watatu waliokuwa kwenye foleni, na wote wakaniambia hapa ni Ng'ambo. Nikaandika Ng'ambo, na mpaka nikaupitisha kwenye ua wa mashine badala ya kushuka hadi kijitoni. Sikuwauliza wao wanatoka wapi. Walikuwa wamevuka kijito kuja kusaga, na kwao huku kote kulikuwa ng'ambo, waseme nini kingine? Wenyeji wenyewe walikuwa wakipaita Kwa Mfinyanzi tangu babu yenu hajaanza kuvaa suruali.

Hilo lilikuwa kosa la uvivu, na wiki nzima lilikaa kwa penseli, kwa raba tu ningelifuta. Lakini... nigeuzeni niangalie ukuta. Hapana, nirudisheni, nataka kuwaona.

Mfinyanzi wa wakati ule, mama mmoja wa ukoo huo, alikuja ofisini mwenyewe, kwa miguu, udongo mkavu bado kwenye kucha, akasimama kwenye kaunta yangu akasema amesikia kwake pameandikwa jina ambalo yeye halijui. Aliongea kwa adabu zake zote. Nami nilikuwa na kinyongo. Miaka mitatu nyuma nilikuwa nimepeleka posa kwa binti yake, akanipa za uso mbele ya wajomba zangu. "Huyu kutwa anauliza watu wanakaa wapi," alisema, "binti yangu nikimpa, amuulize nani mumewe yuko wapi?" Walicheka, hadi mjomba mmoja akapaliwa na chai. Mama yenu, Mungu amrehemu, alikuwa akinitania kwa kisa hicho, ila sehemu ya pili sikumwambia kamwe. Nilimwambia mfinyanzi alete mashahidi watatu siku ya Ijumaa. Akanishukuru. Alhamisi nikaichukua ile karatasi nikampelekea mchoraji, akaipiga wino. Ijumaa mama wa watu akaja na wazee wake, mmoja kipofu ameshikwa mkono, nikawaonyesha wino, nikawaambia wamechelewa.

Tangu siku hiyo kila alipoomba hati, barua ilirudi na jibu kwamba mahali anapopataja hapapo. Aliomba mara nne. Najua, kwa sababu mjibu barua nilikuwa mimi. Baadaye mji ukapanuka, Ng'ambo ikawa mtaa, ardhi isiyo na hati ikakatwa viwanja, watumishi wa ofisi tukachagua kwanza, nami nikachagua hapa hapa palipokuwa na tanuri lake. Vile vigae vya vyungu, mwanangu, ambavyo mafundi wako wanavitoa msingini na kuvitupa barabarani, ulidhani vimetoka wapi?

Alifia kwenye chumba cha kupanga. Mjukuu wake mnamjua, ni yule mshonaji wa barabara ya sokoni aliyewashonea sare za shule nyote watatu. Nilikuwa nikiwapeleka kupimwa, namtazama anavyowazungushia futi mabegani, najikausha. Ananiita baba mpaka leo. Naona aibu, wanangu.

Nakuona unavyouma meno, wewe mkubwa. Miaka tisa umejinyima kwa ajili ya ule msingi, nami nimekuharibia, sina la kujitetea. Kila lori la mchanga lilipoingia nilitaka kusema, nikakusikia unapiga mluzi, nikanyamaza. Nisamehe ukiweza. Ila usiende kuwaambia watu mzee kachanganyikiwa, kwa sababu daktari alikuja asubuhi nikamwomba aandike kwamba akili yangu ni timamu, na ameandika.

Saa ngapi sasa? Andika basi, Mwalimu, upesi. Andika kwamba jina lile nililichukua kwenye foleni ya mashine na si majumbani, kwamba niliujua ukweli kabla ya wino, kwamba naomba jina lirudishwe na mpaka urudi kwenye kijito. Daftari langu la kazi limo kabatini, ukurasa una tarehe, mpeleke vyote kesho, msingoje keshokutwa. Nakala apewe mshonaji mkononi. Akiwaacha mkae, mshukuruni. Akitaka muondoke, ondokeni, msimpe masharti.

Lete nitie sahihi. Nishike kiwiko... Ngoja. Mahali ninapoishi umeandika Ng'ambo. Kata hiyo, Mwalimu. Weka jina lake.

Haya. Mungu awalinde, awape riziki isiyo na machozi ya mtu ndani yake, na msigombane kwa ajili yangu. Kitindamimba, maji. Kidogo tu.

Limebaki la kaburi langu. Nimewaona mnavyoonyeshana kwa macho pale uani, karibu na kaburi la mama yenu. Msichimbe. Hata mama yenu nilimlaza pale bila kumuuliza mtu... mumuombee radhi. Pumzi imekwisha... Nikienda, nendeni kwa mshonaji, nyote watatu. Pigeni hodi. Mwambieni baba yetu anaomba mahali pa kulala, hapo kwenu... Msiingie ndani. Ngojeni mlangoni, mpaka ajibu.