Bibi Kinu na Unga Alioumwaga

Marehemu, ambaye chuoni hakuna aliyemwita jina jingine ila Bibi Kinu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi redio na mshonaji. Kazi yake ya kwanza hapa duniani ilikuwa kuanika betri za baba yake juani ili jioni taarifa ya habari isikike. Zilipokufa tena alikuja juu. Baba akamwambia, "Mwanangu, aliyechoka hupata nafuu, hapati ujana." Hakukubali. Huo ndio ubishi alioingia nao shule mwaka 1968, akatoka nao chuo kikuu mwaka 1985 na shahada ya kemia.

Mwaka huohuo aliajiriwa katika maabara ya chuo, chumba chenye tanuri, sinki na dirisha lisilofunguka. Alisaga unga wenye lithiamu kwa kinu na mchi, akauchoma, akatengeneza betri ndogo saizi ya kifungo cha koti, kisha akazichaji na kuzimaliza chaji, tena na tena, hadi zichoke. Zote zilichoka. Tusidanganyane, nyingine hazikumaliza hata wiki.

Mwaka 1989 sinki liliziba, akaja fundi bomba. Alirudi kulikagua mara nyingi kuliko sinki lolote linavyohitaji, na tarehe 16 Desemba wakafunga ndoa. Walijaliwa binti mmoja.

Juni 2003 umeme ulikatika tanuri likiwa kazini. Unga ukatoka na rangi ya kutu. Alichota wa kutengenezea betri moja, basi tu, uliobaki akaumwaga sinkini na kunawa mikono. Betri ile ikagoma kuchoka. Mwaka ukapita, chaji inaingia na kutoka kama siku ya kwanza. Kuijua siri yake kulitaka kuifungua, na kuifungua ni kuiua. Mumewe, kwa huruma, alifungua mabomba yote ya chini ya sinki, akamletea kikombe cha tope jeusi. Walicheka wote wawili, kisha yeye akalia.

Tangu hapo alikuwa akizima tanuri makusudi, kwa kila joto, akiusaka unga ule. Hakuupata. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alimlea kwa karibu miaka ishirini.

Mwaka 2022 madaktari walisema mapafu yake yamekakamaa kwa vumbi la kinuni. Alipata nafuu mara mbili, na haikudumu. Mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa ni mkuu wa maabara, kila alipokwenda kumjulia hali aliulizwa jambo moja tu.

"Bado inashika chaji?"

"Inashika, Mama."

Betri ilikuwa imeshakufa kabla ya mwaka mpya. Siku ya mwisho marehemu alimtazama sana, akasema, "Hujui kudanganya, mwanangu. Kaifungueni."

Alifariki asubuhi ya tarehe 4 Februari 2024, mumewe akiwa amemshika mkono. Betri ilifunguliwa juzi. Ndani mlikuwa na masizi matupu, kila kitu kimechanganyika, na hakuna kilichoweza kujulikana. Familia imeona iseme hivyo mbele yenu, maana marehemu hakupenda matokeo yaliyopambwa. Inauma, na hatujui la kuongeza.

Ameacha mume, binti, wajukuu wawili, mdogo wake anayewasomea wasifu huu, na kinu ambacho hakuna aliyeomba kukirithi. Amani aliyoikosa kazini, Mungu ampe alikolala.