Dada Fundi, na Tarehe Ambayo Sikuitazama

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Dada Fundi anastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na minne na miezi mitano. Katika muda wote huo aliomba ruhusa ya dharura mara moja tu. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu mchangamfu. Nimejaribu. Mnaosoma mnivumilie pale uchangamfu utakaponiishia.

Aliajiriwa kupokea simu. Mitambo ya simu ya wakati ule ilikuwa imechoka, na fundi wake alikuwa akija mara moja kila miezi mitatu, akija. Siku moja Muuguzi Mkuu alimkuta msichana wa simu amekaa sakafuni, kisu cha mezani mkononi, nyaya zimemzunguka.

“Wewe! Unatuulia simu?”

“Zilishakufa, mama. Nazifufua.”

Jioni simu zikaita wodi zote. Mwaka uliofuata akapelekwa kusomea ufundi wa vifaa vya hospitali, na aliporudi hakuna aliyemwita tena kwa jina lake. Amefufua mashine za oksijeni, taa za chumba cha upasuaji, na kengele ya lango kuu ambayo mlinzi aliapa kwamba ina jini.

Miaka kumi na mitatu iliyopita alituletea kompyuta ndogo, saizi ya kipande cha sabuni. Aliiwekea mfumo wa uendeshaji wa Linux, akaifunga kwa vibanio vya plastiki juu ya friji ya damu, akapitisha waya wa kupima joto hadi ndani ya friji. Haikuwa na kioo wala kibodi. Mbali na waya huo, ilikuwa na nyaya mbili tu, wa umeme na wa mtandao. Dada Fundi aliketi ofisini kwake, mwisho wa korido, akaandika anwani ya kompyuta ile na neno la siri kwenye kompyuta yake mwenyewe, na hapo akawa ndani ya ile ndogo, anaiamuru kwa maandishi nayo inamjibu kwa maandishi.

Mtunza stoo alikuja na daftari lake la vifaa, akaizunguka friji mara mbili.

“Kioo chake kiko wapi? Kimeibwa?”

“Haihitaji kioo, kaka. Yenyewe inaandika, mimi nasoma nikiwa kwangu.”

Mtunza stoo hakuridhika. Aliandika: “Chaja moja, simu yake haijulikani ilipo.” Daftari hilo lipo hadi leo.

Kila baada ya dakika kumi kompyuta iliandika mstari mmoja: tarehe, saa, nyuzi joto. Kwa miaka miwili hatukupoteza hata chupa moja ya damu.

Kisha baba yake Dada Fundi akafariki, naye akaomba siku tano akamzike. Alhamisi, kabla hajaondoka, aliniita mimi, mpimaji wa maabara, kwa kuwa meza yangu ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na chumba cha damu. Alikuwa amevaa nguo za safari tayari, macho yamevimba, na bado alinikalisha kwenye kiti chake akanionyesha hatua kwa hatua.

“Mdogo wangu, kila asubuhi ingia, soma mstari wa mwisho. Tazama namba, halafu tazama na tarehe yake. Namba bila tarehe haikwambii kitu.”

“Nimeelewa, dada. Nenda ukamzike mzee.”

Ijumaa asubuhi niliingia, nikasoma nyuzi nne, joto salama kwa damu, nikaandika nne kwenye chati. Jumamosi nne. Jumapili nne. Hata nilifurahi, nikajiona na mimi fundi.

Jumapili saa sita mchana wodi ya wazazi iliagiza damu kwa haraka. Mama mmoja alikuwa amejifungua salama mtoto wake wa pili, kisha damu ikakataa kusimama. Nilifungua friji, na hewa iliyonijia usoni ilikuwa vuguvugu, kama ya kabati la nguo. Mota ya friji ilikuwa imekufa tangu Alhamisi jioni. Chupa zote kumi na tisa zilikuwa zimeharibika.

Nilikimbilia ofisini kwa Dada Fundi. Kompyuta iliitika kama kawaida, ikanipa nne. Safari hii nilitazama pembeni ya namba. Tarehe ilikuwa ya Alhamisi. Kadi yake ya kumbukumbu, inakohifadhi mistari hiyo, ilikuwa imegoma kuandikwa, na kwa siku tatu nilikuwa nasoma mstari uleule. Ingekuwa na kioo, hata mfagiaji angeona maandishi ya hitilafu yanashuka. Lakini tarehe nayo ilikuwepo, mbele ya macho yangu, asubuhi zote tatu.

Gari lilitumwa kuchukua damu hospitali jirani. Kwenye benchi la korido aliketi mama mzazi wa yule mgonjwa, amembeba mjukuu mchanga. Nilipopita alinishika koti.

“Imepatikana, mwanangu?”

“Iko njiani, mama.”

Gari lilirudi saa kumi na nusu. Binti yake alikuwa amefariki saa kumi.

Dada Fundi alirudi siku iliyofuata, msiba wa baba yake ukiwa haujaisha. Aliingia kwenye kompyuta, akasoma mstari ule, akasoma na chati yangu. Najua aliiona tarehe. Mbele ya kamati ya uchunguzi nilikaa pembeni yake. Mwenyekiti alimuuliza maelekezo aliyoniachia yalikuwaje.

“Yalikuwa pungufu,” alisema. “Nilimwambia atazame namba. Tarehe sikuitaja.”

Nami nikanyamaza.

Alipewa barua ya onyo. Ukuu wa kitengo cha ufundi, uliokuwa umeshaandaliwa kwa ajili yake, ulikwenda kwa mwingine. Mwaka uliofuata mimi nilipandishwa cheo.

Nilipomfuata kumuuliza kwa nini alifanya vile, hakuinua kichwa kutoka kwenye kazi yake. “Wewe una watoto wadogo. Na kioo nilikikataa mimi. Tusiliongee tena.” Hatukuliongea tena kwa miaka kumi na mmoja.

Aliibadilisha kadi, akaandika programu inayohakikisha kwamba mstari mpya umeandikwa kweli, na usipoandikwa inapeleka ujumbe kwenye simu tatu. Haijakosea tangu hapo. Hata hivyo kila mchana aliacha chakula chake, akaja na kipimajoto cha mkononi, akafungua friji mwenyewe. Tulipompongeza alisema, “Leo ni nzima,” akaondoka. Sikumwona tena akicheka ndani ya chumba kile.

Nafasi yake haitajazwa, kitengo kinafungwa. Kompyuta nimeachiwa mimi, ninayejua amri sita. Yeye anakwenda nyumbani kumuuguza mumewe, dereva mstaafu, ambaye tangu apooze upande mmoja hawezi kugeuka kitandani bila msaada. Wenzangu wanasema anakwenda kupumzika. Sijui watu hawa wanaongelea mapumziko gani.

Mwezi uliopita nilimwandikia mkurugenzi barua nikieleza yote haya, nikaomba onyo lile liondolewe. Nilijibiwa kwa mistari miwili: shauri lilikwisha, na jalada la anayestaafu limeshafungwa. Juzi nikampa Dada Fundi asome wasifu huu kabla haujachapwa. Aliusoma akiwa amesimama.

“Hii ya kamati ya uchunguzi itoe, mdogo wangu. Mama wa watu hatarudi.”

Ni kweli, hatarudi. Mtoto aliyekuwa kwenye lile benchi yuko darasa la tano sasa. Namwona akipita na bibi yake, na huwa nabadilisha njia.

Sikuitoa, dada. Ndiyo mara yangu ya kwanza kukukatalia. Wafanyakazi wote tunakushukuru kwa miaka yako, na tunakuombea wewe na shemeji asubuhi tulivu, ambazo ukiamka hakuna kitu kinachongoja ukikague. Onyo lililobaki kwenye jalada lako lilikuwa langu.