Maisha ya Mama Yetu, Fundi Pindo, Aliyeikalia Dawa ya Mjukuu

Nyote mliofika kumsindikiza mama yetu, mimi ni kitinda mimba wake, na nimepewa kazi ya kusoma kwa sababu, kwa maneno ya ndugu zangu, nina mdomo.

Mama, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Pindo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya treni, akasoma shule ya msingi kuanzia 1958 hadi 1965, ambako alifeli hesabu, kisha akaja kupima viuno vya mtaa mzima bila kukosea hata inchi. Mwaka 1967 alianza kushona kwa shangazi yake, na 1971 akafungua chumba chake mwenyewe, chenye dirisha moja, cherehani ya miguu na kioo kilichopinda, ambacho wateja waliambiwa kwamba ndicho kinachowanenepesha. Tarehe 14 Agosti 1973 alifunga ndoa na baba yetu, fundi saa, wakajaliwa watoto wanne.

Katika historia kama hizi marehemu huwa hakuwahi kugombana na mtu. Mama aligombana na wengi, na baadhi yenu mmekaa viti vya mbele, karibuni sana.

Juni 1984 alipewa dawa ya kifafa, na siku ya kumi na mbili akashikwa na homa, midomo ikavimba, ngozi ikambanduka kama ganda la kitunguu, wengine wakasema ni surua, wengine wakamsingizia jirani, kumbe mwili wake ulikuwa umeikataa dawa. Alilazwa siku arobaini na moja, akarudi na macho yenye ukungu, na tangu hapo sisi watoto tulimtungia uzi sindano kumi kila asubuhi kabla ya shule, tumepangwa foleni, wa mwisho akiitwa "mzee wa kazi", na kati ya asubuhi zote nilizowahi kuamka, ni hizo ninazozililia.

Mwaka 2016 daktari wake wa macho alimweleza kwamba siku hizi kuna kipimo cha vinasaba, damu kidogo tu, mara moja maishani, kinachoonyesha kabla ya kumeza dawa hiyo kama mtu amerithi hatari ya kudhurika nayo, na kwamba urithi huo huweza kushuka kwa watoto. Jioni hiyo hiyo tuliitwa. Watatu tulipimwa, lakini kaka yetu mkubwa, dereva wa lori, alikataa, akasema, "Mama, damu yangu iko kazini, waache wasomi wachezee ya kwao."

Februari 2018 binti wa kaka huyo, wa miaka tisa, alianguka kifafa darasani, na kaka akarudi nyumbani na pakiti ya dawa ile ile. Mama aliichukua mezani, akaiweka kwenye kiti, akaikalia.

"Mama, inuka, mtoto anaumwa."

"Ndiyo maana nimekaa. Mrudishe kwa daktari, mwambie ngozi ya bibi yake ilikwenda wapi."

Kaka alifoka, akazunguka meza, mwisho akatafuta funguo za gari. Daktari hakubisha, alimwandikia mtoto dawa nyingine, akachukua damu, na siku ya tisa majibu yakaonyesha kwamba mtoto ana urithi ule, na baba yake pia. Binti huyo sasa ana miaka kumi na sita, ndiye yule aliyemshika babu yake mkono.

Moyo wa Mama ulianza kuchoka Novemba 2024, akafariki tarehe 2 Mei 2025, saa nne asubuhi, baada ya kumkosoa muuguzi jinsi alivyotandika shuka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliopika na kufagia bila kuitwa, na mafundi wenzake waliofunga vyumba vyao leo. Kaka, ambaye kwa miaka saba hakuwahi kulitaja jambo la dawa ile, ameniandikia maneno matatu nimsomee, kwa kuwa sauti yake haitoki:

Mama, umeshinda. Pumzika.