Tambi za Mtaliani na Baiskeli ya Dzombo

Kijiwe chetu cha Msambweni ni ubao mmoja mbele ya kibanda cha Chome, fundi wa baiskeli, tuliyembandika jina Spoki kwa wembamba wake. Kahawa ni yangu mimi, Mwanapili. Maneno ni yao, na chenye faida ni kahawa. Mwaka ule bendera mpya ya uhuru ilikuwa haijapauka bado, na kila mtu alijiona anajua kila kitu. Jumapili asubuhi akaja mjukuu wangu Dzombo na baiskeli yake, jasho linamtoka, macho yanamng'aa.

— Shikamooni! Nyanya, nimepata kazi Mombasa! Au nimekaribia kuipata.

— Marahaba. Umepata au umekaribia? nikamwuliza.

— Ni Mtaliani, mhandisi, ameingia mjini juzi tu, hata soko halijui. Amechoka na viazi vya Waingereza. Kesho adhuhuri nimpelekee chakula kutoka mkahawa wa Kitaliani wa kweli, kwa baiskeli, kifike cha moto. Nikikosea, kazi anapewa Katana, kijana mwingine mwenye baiskeli.

Nzai tunamwita Redio, maana habari humfikia kabla hazijatokea. Akadakia:

— Mikahawa ya Kitaliani Mombasa ni kumi! Ukiona picha ya meli ukutani, ingia.

— Picha ya meli hata kwa kinyozi ipo, nikamwambia.

Abdurahman, yaani Sajini, aliwalinda wafungwa wa Kitaliani wakati wa vita, na tangu hapo hajanyamaza.

— Sikilizeni. Mtaliani wa kweli anakula tambi. Anazisokota kwa uma kama mtu anayesuka ukili.

— Ulizionja, Sajini? nikamwuliza.

— Niliziona kwa macho yangu! Seng'enge tu ilikuwa katikati.

Tambi! Hapo nikajiweka sawa, maana kwa tambi hakuna wa kunifundisha.

— Basi kazi imekwisha, nikasema. Zikaangwe mpaka zipate rangi, tui zito, sukari, iliki, zabibu. Mkahawa usiotia iliki, geuza baiskeli.

— Iliki, naam! Sajini akaapa. Harufu yake ilikuwa ikinifuata mpaka kwenye lindo!

Chome hakuinua kichwa kwenye gurudumu.

— Tui litamwagika. Mji wa Kale usipite, vichochoro vile hata paka hupishana kwa zamu. Mteremko wa feri usiusogelee. Kaa Kizingo: lami, tambarare, kivuli.

— Pita daraja la Makupa! Redio akapaza sauti. Upepo wa Makupa unakusukuma, hupigi hata pedali!

— Na kurudi? akauliza Dzombo.

— Ukirudi, upepo nao umegeuka!

— Bora apande kinyumenyume, akasema Sajini, ili sahani aione.

Nikaenda ndani kwangu nikatoka na bakuli la tambi zangu, nikalifunika kwa kitambaa. Liwe kipimo: aonje za mkahawa, aonje zangu, zikilingana ndizo. Dzombo akalifunga kwenye keria, anacheka peke yake.

Ndipo akaja Kavumbi, mwuza mbuzi wa Kikoneni, mara yake ya kwanza kukaa ubao ule. Akanywa kikombe kizima, akisikiliza, kisha akauliza taratibu:

— Samahani, wenyeji. Huko kwao huyo Mtaliani, minazi ipo?

Redio akamtazama Sajini.

— Sajini, nikasema, wale wafungwa nazi walizitoa wapi?

— Mimi nililinda lango, Bi Mwanapili, sikulinda jiko.

Kipimo kikafia hapo. Nikalifungua bakuli kwenye keria, nikampa Kavumbi kijiko, na wengine wakasogea. Zilikuwa tamu, hilo sikubali kubishiwa.

— Nyanya, kipimo changu! Dzombo akalalamika. Kesho nitajuaje?

Vinywa vilijaa, na bakuli likakwisha. Akaitazama keria tupu. Mara akaruka juu.

— Basi nitampakia Mtaliani mwenyewe! Aonje kwa ulimi wake, mkahawa hadi mkahawa!

— Ni mnene? akauliza Chome.

— Sajini mara mbili.

Chome akaiokota pampu, akaanza na gurudumu la nyuma.