Oili Haiongezeki: Maisha ya Fundi Barnabas Tsuma Mung'aro (1919–1968)

Barnabas Tsuma Mung'aro, tuliyekuja kumsindikiza leo, alizaliwa hapa Rabai tarehe 3 Machi 1919, mtoto wa pili wa Mzee Mung'aro Ruwa na Mama Kadzo. Alibatizwa katika kanisa hili hili. Mamake alipenda kusimulia kwamba maji yalipomgusa hakulia. Alinyoosha mkono akaushika mnyororo wa saa ya mchungaji, na kumbandua ikawa kazi.

Alisoma shule ya misheni hadi mwaka 1935. Hesabu alizipenda. Kuimba pia alikupenda, ingawa waliosimama karibu naye kwaya wanajua kuimba hakukumpenda yeye.

Mwaka 1940 aliingia jeshini, na huko ndiko alikojifunza injini za dizeli. Alirudi 1946, akafanya kazi katika gereji ya Shimanzi, Mombasa, hata mwaka 1955 akafungua yake, kiwanja kidogo nyuma ya soko la Marikiti.

Tarehe 20 Desemba 1947 alimwoa Loise, wakapanga Kibokoni, hatua chache kutoka Ndia Kuu. Mungu akawajalia watoto watatu, wa kwanza Naomi.

Wasifu wa Fundi hautimii bila habari ya lori la Bwana Yeslam, mfanyabiashara wa ndizi na viazi pale Marikiti, ambaye leo tuko naye hapa. Ilikuwa Desemba 1964, Ramadhani inakaribia, na lori lake kuukuu lilikuwa likimaliza dizeli kuliko kawaida. Dereva, Tom, alishukiwa kwamba anaifyonza na kuiuza. Bwana Yeslam alimleta mbele ya Fundi, watu wakisikia.

"Tazama chini, Fundi. Pakavu! Halivuji. Basi dizeli ina mbawa? Leo huyu namfukuza."

Tom akajitetea kwa alichonacho. "Mimi nalitunza gari, bwana! Muulize yeyote. Injini hii haijui kula oili. Tangu Agosti sijaiongeza hata kikombe!"

Hapo Fundi aliweka chini kikombe chake cha kahawa. "Hata kikombe?"

"Hata kijiko! Na kijiti ukikitazama, oili imezidi alama."

"Tom, mwanangu," akasema Fundi, "mikate na samaki viliongezeka. Oili haiongezeki."

Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa, akampa Bwana Yeslam naye anuse. Oili ilikuwa ikinuka dizeli. Sili za shafti ya pampu ya dizeli, vile vizibo vya kuzuia mafuta yasipenye, zilikuwa zimechoka, na dizeli, badala ya kudondoka chini ionekane, ilikuwa ikipenya ndani ya injini na kuchanganyika na oili. Kile Tom alichojisifia ndicho kilichokuwa kikimponza.

Bwana Yeslam hakuridhika upesi. "Na ukizibadilisha, ikazidi kupotea?"

"Basi mwizi ni mimi," akajibu Fundi. "Usimguse huyu."

Alitia alama pampu na injini, ili irudi ilipokuwa, akaifungua, akaipeleka nyumbani kukimbia vumbi la kiwanjani. Akatandika mezani kitambaa cheupe alichokidarizi Loise.

"Baba Naomi! Hicho ni cha Krismasi!"

"Na huyu ni mgeni, Mama Naomi. Chembe moja ya mchanga ikiingia humu, mtoto wa watu ataitwa mwizi tena."

Sili za zamani zilikuwa zimekauka, ngumu kama kifuu. Alitia mpya kwa vidole, taratibu, akairudisha pampu, akamwaga ile oili yote akatia safi, akatoa upepo kwenye mipira ya dizeli. Lori likawaka. Kufikia mwandamo wa mwezi wa Ramadhani oili ilikuwa haijapita alama, na dizeli inakwenda kwa kiasi chake. Bwana Yeslam alimshika Tom mkono katikati ya Marikiti, wachukuzi wakitazama: "Nimekukosea. Niwie radhi." Doa la dizeli kwenye kitambaa halijatoka mpaka leo, na Loise hakukubali kitupwe.

Mwezi Mei mwaka huu Fundi alianza kuugua figo. Tom alipokuja kumtazama hospitalini, yeye mgonjwa ndiye aliyeuliza: "Oili ikoje?" Alituaga alfajiri ya Jumatano, tarehe 9 Oktoba 1968, Loise akiwa kando yake.

Ameacha mjane, Loise, watoto, Naomi, Elijah na Ruwa, mjukuu mmoja, ndugu zake, na Tom, ambaye yeye mwenyewe alimhesabu kuwa mwanawe.

Asubuhi hii lori lile lile ndilo lililomleta hapa kutoka Mombasa. Kabla ya kuliwasha, Tom, na suti yake, alifungua boneti, akachomoa kijiti, akakipangusa kwa leso, akakitia tena, akakichomoa, akakinusa.

Bwana Yeslam akamwuliza kwa sauti ya chini, "Vipi, Tom?"

"Ipo pale pale alipoiacha, bwana."

Mungu ampumzishe Fundi wetu kwa amani. Kazi yake ingali barabarani.